Paa Lililotangulia Ukweni

Nakumbuka siku moja ya Agosti, mwanangu, na upepo ukigonga bati naikumbuka upya: siku niliyopeleka posa kijiji cha Zuzu, nikatanguliwa na paa langu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, magari ya mtumba yakimiminika. Wenzangu wa Miyuji walinunua pikapu. Mimi, mtu ambaye hata kwenda sokoni naaga kama msafiri, nikanunua kigari cha wazi cha kuchezea ufukweni. Ufukwe wa Dodoma, mwanangu, bado nautafuta.

Shangazi, msemaji wetu wa posa, akagoma. "Siendi ukweni nimeanikwa juani kama mtama. Tafuta paa!"

Nikaenda kwa Fundi Maulidi, mshona maturubai. Akakizunguka kigari. "Turubai, kijana wangu, la kukunja. Hapa upepo ndiye mwenye mji."

Turubai! Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne? Kwetu aliyeendelea alihama tembe la udongo akaezeka bati. Iweje gari langu livae hema? Nikafunga bati jipya juu ya nguzo nne za mbao, nikalitia na mfereji wa maji ya mvua. Agosti, katikati ya kiangazi! Majirani wakasifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikaongeza rangi nyekundu.

Njia nzima bati lilipiga kelele, shangazi akinijibu maneno ambayo sikuyasema. Tulipokaribia boma la wakwe, upepo ukaingia kwa mbele. Paa likanyanyuka taratibu, kwa adabu kabisa, likavuka uzio, likatua zizini. Mbuzi wakatawanyika. Nasi tukafuata, wekundu kwa vumbi hadi kope.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Akaliinamia bati. "Nilitarajia posa. Huu mfereji ni wa nini?"

Nikamtazama msemaji wangu. "Mimi," akasema shangazi, "nilipewa lifti tu."

"Binti yangu utamsitiri na nini?" mzee akaniuliza. "Rudi ukiwa na paa linalokaa."

Nikarudi kwa Maulidi, kichwa chini. Hakunicheka. Turubai alishalikata siku ile ile nilipompa mgongo.

Safari ya pili mzee alilivuta turubai kwa mikono miwili, akaning'inia, miguu ikaacha ardhi. Halikutoka. Akajikung'uta, akanitazama. "Marahaba," akasema.

Bati lile sasa limeezeka banda letu la kuku, na mke wangu hakuna mgeni asiyemwonyesha.

Mwanangu, paa lichagulie upepo utakaokupiga, si jirani atakayekusifu. Na fundi akikushauri, usimjibu kwa cheti. Mungu akupe sitara isiyong'oka, na wakwe wa kukusubiri urudi mara ya pili. Amina.