Msiba wa Mzee Yakoub

Mimi ni mhariri. Nikisema hivyo hapa Mabawa watu hunitazama mikono kutafuta wino, wakiukosa hunitazama viatu, na mazungumzo huishia hapo. Gazeti langu linaitwa Kitufe. Linahusu gemu, sinema, katuni na muziki wa vijana, na mimi ndiye mwandishi wake, mchoraji wake, mpiga stepla wake na, kwa muda mrefu sana, msomaji wake. Nalitoa fotokopi dukani kwa Ernesti, kisha nalisambaza kwenye chumba cha gemu cha Zabron. Vijana wa pale hulipokea kwa heshima zote na kulikalia, maana mabenchi ya Zabron yana misumari.

Mama yangu, Bi Tabia, hana ugomvi na gemu. Ugomvi wake ulikuwa na mimi. Yeye ndiye mwenyekiti wa kina mama wa kuzikana mtaani kwetu. Akisema masufuria yaletwe, yanaletwa. Sasa mtu wa hadhi hiyo ana mwanamume mzima ndani, ana ndevu, anachora mapanga ya katuni kwenye meza ya kulia chakula. Siku moja akaniambia, bila kupandisha sauti, "Abass mwanangu, Ramadhani isikukute na hayo makaratasi. Mjomba wako anataka mtu wa duka kule Maramba. Aje hapa mtu mmoja tu asiye nduguyo, aniambie kalisoma gazeti lako, nami nitanyamaza. La sivyo utakwenda Maramba ukapime maharage."

Mama hatishii. Nikajua toleo linalofuata ndilo la kufa na kupona, nikaamua kuandika kitu ambacho mtu hawezi kukikalia.

Kuna gemu moja la mapanga, shujaa wake ni mzee mwenye jina ambalo hata Zabron mwenye chumba hawezi kulitamka. Nilimpa jina la Mzee Yakoub, na kila toleo nikasimulia visa vyake kana kwamba amekulia Pemba. Mwisho wa gemu anakufa. Nililia, sifichi. Nikaona mtu kama yule hastahili kuagwa kwa aya mbili, anastahili tanzia kamili, ukurasa mzima, fremu nyeusi, kama zile za misiba ya kweli ambazo Ernesti hubandika kwenye kioo cha duka lake. Nikaandika: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu Mzee Yakoub bin Harub, shujaa asiye na mfano, mlezi wa wengi. Mazishi leo baada ya sala ya Alasiri. Msiba upo Mabawa, nyumbani kwa Bi Tabia."

Nyumbani kwa Bi Tabia ndiyo ofisi ya Kitufe. Nilijiona fundi.

Ernesti, Mungu ampe umri, akipata tanzia haisomi, anaibandika. Fotokopi moja ya ukurasa ule iliyotoka imepinda akadhani ni ya kubandika kwenye kioo. Mteja mmoja akaipiga picha, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akaongeza na vikono vya dua.

Mimi saa hizo nilikuwa Ushongo, ufukweni kwa watalii, na begi langu, nikitafuta soko la kimataifa. Mzungu mmoja alichukua nakala, akaigeuzageuza, akajipepea nayo, akanirudishia na kusema asante. Nilipofika Pangani kurudi, simu ikaisha chaji. Sikujali, kwani nani hunipigia?

Sasa ni lazima ujue tabia yetu. Kwetu huingii msibani ukauliza nani kafa. Unaingia, unashika mkono wa mfiwa, unasema pole, unakaa. Jina la marehemu humtajii mwenye uchungu. Na mfiwa kama habari bado haijamfikia, hawamkurupushi; wanamzunguka kwanza, wanamsubirisha, mpaka apatikane mtu mzima wa kumwambia. Mama simu yake ni ya tochi, hayumo kwenye kundi lolote. Aliona tu majirani wanaingia, wanamshika mkono, wanakaa chini kimya. Akajua kwake kumeingia kifo. Na yeye, aliyezika nusu ya mtaa, aliijua adabu. Akajifunika kanga, akakaa, akasubiri.

Nilipokata kona ya nyumbani nikakuta turubai. Nikakuta wanaume wamejaa kwenye mikeka na moshi wa kuni unatoka uani. Mzee Mwinyijuma, jirani yetu anayesimamia mazishi yote ya mtaa, akanyanyuka kunipokea.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Kaza moyo, mwanangu."

Nyumba ile tunaishi wawili tu. Kuuliza nikashindwa, na mimi ni mtoto wa hapahapa. Nikaingia ndani nikikanyaga viatu vya watu, nikaapa kimoyomoyo kwamba akiwa hai nitapima maharage mpaka nizeeke.

Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake. Aliponiona alisimama, akanishika uso, akanipapasa masikio na shingo, kisha akanizaba kofi. "Simu yako iko wapi?" Tukashikana tukalia. Wanawake wakadhani mtoto kaja na uchungu umeanza upya, wakalia na wao.

Mzee Mwinyijuma akapiga hodi mlangoni. "Bi Tabia, maiti tumfuate wapi? Kaburi liko tayari."

"Maiti gani?" mama akauliza.

Kilio kikakatika. Jirani yetu Nasima akatoa simu, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye "shujaa asiye na mfano, mlezi wa wengi," nikayatambua maneno yangu. Wallahi nilifikiria kunyamaza, azikwe yeyote atakayepatikana.

"Ni wangu," nikasema. "Ni mtu wa kwenye gemu. Hana mwili."

"Hana nini?" akauliza Mzee Mwinyijuma.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaingiza na habari za sanaa. Wako waliocheka, wako waliochukua viatu vyao bila kuaga. Pilau lilikuwa limeshaiva, likaliwa. Mzee Mwinyijuma hakunitukana; alinipa sepetu. Nikaenda makaburini kulifukia lile kaburi peke yangu, na vijana waliolichimba wakakaa pembeni wakinielekeza.

Niliporudi mama alikuwa uani anasugua masinia. Nikamwomba radhi kwa aibu niliyomletea, nikamwambia kesho naenda Maramba.

"Aibu itapita," akasema. "Tangu adhuhuri kila anayeingia ananishika mkono, hasemi kitu. Nikawa natazama nani wangu hayupo. Hukuwepo wewe tu, na simu haishiki. Nimekulilia, Abass. Nilishakubali kuwa umekufa, halafu ukaingia mlangoni na begi la makaratasi."

Nikachukua stilwaya nikamsaidia kusugua.

Maramba sikwenda. Asubuhi yake mama alivaa miwani, akasema, "Nilitaka msomaji mmoja, umeniletea mtaa mzima. Neno langu ni neno." Ila tangu siku ile hakuna ukurasa unaokwenda kwa Ernesti kabla haujapita mikononi mwake. Anasoma mpaka mwisho, polepole, kalamu mkononi, na hanionei haya. Juzi nilimpa habari ya gemu la vita, kuna askari mmoja kijana anauawa darajani. Akaikata sehemu ile yote. Nikamwambia mama, gemu lenyewe ndivyo lilivyo.

"Huyu usimuue," akasema. "Hapa juu umeandika ana mama."