Chungu cha Dada Speciosa

Nilikwenda Kigali kumrudisha dada yangu nyumbani. Kwenye simu alikuwa akikohoa zaidi ya alivyozungumza, na kila nilipouliza alijibu, "Mafua tu." Mafua gani ya miezi minane! Mama alitutoka mapema. Dada Speciosa ndiye aliyenibeba mgongoni hapa Karagwe kabla hajaolewa Rwanda. Nilimkumbuka mpaka nikawa na hasira naye.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Kayanga kwa basi la Benako, nikiwa na maharage kilo mbili na mdomo wangu, ambao sijawahi kuusahau nyumbani. Kabla ya adhuhuri nilivuka mpaka wa Rusumo. Ng'ambo saa inarudi nyuma, nikafurahi kama niliyepewa saa moja ya bure ya kukaa na dada. Kisha vilima, migomba, vilima tena.

Saa tisa, Kigali. Pikipiki ilinishusha Gitega, mtaa wa humo humo Kigali. Barabara kubwa ni safi, hata ukidondosha ugali unaokota unakula. Lakini ukishuka vichochoroni nyumba zimebanana, maji machafu yanapita mbele ya milango, na upepo hauna pa kuingilia. Dada alinikumbatia taratibu, kama wafanyavyo huko. Alikuwa amekonda. Tulipoingia alifunga mlango na kidirisha, akawasha jiko la mkaa karibu na kitanda.

"Dada, unapikia ndani?"

"Shusha na pazia," alisema, akakohoa.

Huko mtu hali mbele za watu, wala chungu chake hakichunguliwi. Nalijua hilo, nasi tulilelewa hivyo. Lakini maharage saa tatu nzima juu ya mkaa, mlango umefungwa! Kituo cha afya walikuwa wamempima, wakamwambia si kifua kikuu, ni moshi. Aliwaitikia, akarudi kufunga mlango.

Jumamosi asubuhi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulizibua mfereji mtaa mzima, kisha tukakaa mkutanoni. Mhudumu wa afya wa mtaa, Mama Aline, aliyekulia Bujumbura, alizungumza Kinyarwanda, kisha akanigeukia mimi mgeni kwa Kiswahili.

"Iko watu wanafunga mulango wakipika. Moshi inabaki mu nyumba, inaharibu mapafu. Ile ni mubaya sana."

Nikasimama. "Dada yangu huyu hapa! Mwambieni!"

Watu wote wakatazama chini. Dada akaokota jembe lake, akaondoka. Aibu ya nyumbani haitolewi mkutanoni, na mimi nilikuwa nimeitoa kwa sauti ya mnada.

Jioni alinishika mkono, akafunua chungu. Kilijaa pomoni.

"Tuko wangapi humu?"

"Wawili."

"Kabla hujaja nilikuwa mmoja. Shemeji yako alishakufa, watoto wamehamia Kampala, mwaka wa tatu huu. Mkono wangu bado unapikia wanne. Majirani wakiona chungu hiki watasema nimerukwa na akili. Ndiyo maana nafunga, mdogo wangu."

Nilimwomba msamaha, tukalia wote wawili.

Jumapili, baada ya misa, nilimsihi turudi Karagwe.

"Na watoto wakija wakakuta kufuli?" aliuliza. Sikumsihi tena.

Jumatatu nilirudi peke yangu. Rusumo saa ilisogea mbele, ile saa moja ya bure nikanyang'anywa. Njia nzima nilijilaumu: nilikwenda kufungua mlango wa mtu bila kumwuliza kwanza kwa nini aliufunga.

Wiki mbili baadaye alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikusikia hata kikohozi kimoja.

"Napikia kibarazani sasa," alisema. "Mama Aline ananisifu kila akipita."

"Mungu asifiwe! Na watu wanaochungulia chungu?"

"Wachungulie tu. Nimenunua kingine, kidogo, cha mtu mmoja."

Nilimwambia, "Vizuri, dada." Nikaiweka simu chini, nikalia kuliko nilivyolia Gitega.