Kicheko cha Mama Sokoni

Juzi nilimsikia kijana mmoja akiwafunza wauzaji wa simu. "Tabasamu ni bure," aliwaambia, nami nikamkumbuka mama akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Busia.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, nilikuwa naye sokoni. Joto lilikuwa kali, na harufu ya omena ilikuwa imeshika hata nywele zangu. Mwanamke mmoja alichambua fungu letu, akakunja pua.

"Hii samaki yako inanuka."

Mama alicheka kwa sauti. "Dada yangu, yenye kunuka ndiyo tamu. Onja."

Mwanamke alionja, akanunua, wakaagana kama ndugu. Mama aliwachekea wateja wote hivyo mpaka soko likaisha. Nyumbani kwetu, kijijini Paya, sikuwahi kukisikia kicheko kile, nikaamini anawapenda wageni kuliko sisi.

Njiani tukirudi nyumbani nilimwuliza, "Mama, mbona sisi hutuchekei?"

Alitua beseni, akaketi kando ya barabara.

"Nikiwa na nyinyi ndipo napumzika, mwanangu."

Jibu lile liliniudhi kwa miaka mingi. Kisha nikafungua duka langu. Jioni ya kwanza nilifika nyumbani mashavu yakiniuma, nikaketi kimya katikati ya wanangu, nikashukuru kwamba hakuna aliyetaka nicheke.