Paa Lililoezuliwa kwa Ahadi

Siku ile naikumbuka kwa sauti, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa macho. Ilikuwa sauti ya misumari ikichomolewa kwenye mabati makuukuu, ule mlio wa chuma kilichokaa mahali miaka mingi na hakitaki kutoka. Nilikuwa nimetoka Mikumi asubuhi kumpelekea mama dawa zake Ruhembe. Kabla sijazima gari nikawaona mafundi juu ya nyumba yake, na mdogo wangu Hamisi chini, mikono kiunoni, akiwaelekeza kama mkandarasi. Mama alikuwa ameketishwa nje, kanga mbili mabegani, akitazama jua likiingia kwenye chumba alichotuzalia.

Nikuambie kwanza anayesema nawe ni nani, maana maneno yasiyo na mwenyewe hayashiki. Mimi nimejijenga. Sikuachiwa urithi wa hata kijiko. Nilisoma ufundi wa magari Dar es Salaam huku nikilala nyuma ya gereji ya watu, na stashahada yangu iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo. Anayetaka kuiona aje. Nilifanya kazi mijini mpaka nilipoona inatosha, nikarudi nikiendesha gari langu mwenyewe, nikafungua karakana Mikumi kando ya barabara kuu. Nikajenga. Bati langu ni la rangi, lile la migongo mipana, na sakafu yangu ina vigae. Nasema bila aibu, kwa kuwa hakuna tofali hata moja nililoliweka kwa pesa ambayo ilikuwa haijafika mkononi.

Tabia hiyo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, anayekaa Masanze. Nilipokuwa kijana ninayejiandaa kwenda chuo, mjomba mmoja aliniahidi viatu vipya. Kwa furaha nikavigawa vyangu vya zamani. Mjomba hakutokea, nami nikaenda kupanda treni stesheni ya Kilosa peku, watu wananitazama miguu. Shangazi alinisindikiza njia nzima bila kunionea huruma. Tulipofika akaniambia neno moja tu: "Ahadi haina soli." Nikapanda behewa nikiwa na hasira naye. Leo namshukuru.

Sasa nikurudishe Ruhembe. Mama alikuwa na ombi moja tu duniani. Moyo wake ulikuwa umetanuka, daktari alikuwa amemweleza, naye hakujidanganya. Nilimwomba ahamie kwangu Mikumi, akakataa. Alisema, "Baba yenu aliniingiza nyumba hii kwa mlango huu, nikiwa bibi harusi. Nitatoka kwa mlango huu huu, mmenibeba. Msije mkanitoa kwingine." Kwetu hilo si neno dogo. Mtu mzima hutolewa kwake, na watu hulia uani kwake. Anayetolewa kwa wengine huonekana kana kwamba aliishi kwa kupanga.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, mabati yake yameliwa na kutu, inavuja kona moja. Mimi na Hamisi tulikuwa tumekubaliana kuiezeka upya. Mbao za kenchi, zile za kubebea bati, nilikuwa nimeshazinunua, zimepangwa nyuma ya karakana zikauke. Kisha hali ikabadilika. Anayekaa kando ya barabara kuu huzipata habari kabla ya redio. Malori yalipungua. Madereva waliosimama kwangu walitaka nifunge spea mbovu kwa waya wafike Iringa, eti watarudi kutengeneza vizuri mambo yakitulia. Saruji ilikuwa na bei ya asubuhi na bei ya jioni, na mwenye duka akikutajia anatazama pembeni. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikamwambia Hamisi tuzibe kona inayovuja, tutie viraka, tusubiri. Nyumba haitakimbia.

Hamisi ni mkulima wa miwa, shamba lake liko njia ya Kidodi, na mwaka ule miwa yake ilikuwa imenona hasa. Mtu akinenepewa na shamba huona mwenzake anayesubiri ni mchoyo. Tena walikuwepo wa kumchochea. Barazani walimwambia, "Kaka yako analala chini ya rangi, mama yenu analala chini ya kutu." Neno hilo lilimwingia. Akatafuta mafundi bila kuniambia.

Basi nikashuka kwenye gari.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani amekwambia uezue?"

"Miwa yangu imechomwa leo alfajiri, wakataji wako shambani sasa hivi. Magari yakishabeba tu, bati la rangi linakuja hapa. Nawe ungojee nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haya mabati uliyoshusha?"

"Yameshapata mtu wa Kidodi. Ndiyo advansi ya mafundi. Na mlango pia ameuchukua. Mama nitamwekea wa chuma, wenye maua."

"Mvua ikinyesha?"

Alicheka, akainua uso kuwatazama mafundi. "Mwoneni msomi wetu. Kaka, kule chuo ulisomea injini au ulisomea uoga?"

Wakacheka wote kule juu. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa amekuja kumuuguza mama, alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Hakucheka. Aliuweka ungo chini.

"Hamisi, upepo huezua kwa sababu hauna akili. Wewe umepungukiwa na nini?"

"Shangazi, si namjengea mama?"

"Hujajenga, umeezua. Paa halishushwi mpaka jingine limelazwa uani, ukaligonga kwa kidole likalia. Nionyeshe nigonge."

Hamisi akatazama uani, kulikuwa na kuku tu. Ndipo mama akasema kwa sauti yake ile ya kusuluhisha, "Mwacheni, jamani. Mtoto kafurahi." Hamisi ana ndevu zenye mvi, lakini kwa mama alikuwa mtoto, na mtoto kafurahi. Msumari uliofuata ukachomolewa.

Wewe usiyeyajua mambo ya miwa, sikiliza hapa. Muwa uliosimama shambani unaweza kukusubiri. Ukishachomwa majani na kukatwa hausubiri mtu. Usipofika kiwandani mapema huchacha kama uji uliosahauliwa. Kesho yake adhuhuri mvua ikaingia, mapema kuliko tulivyozoea. Njia ya shambani ikawa matope ya kuvuta kiatu. Gari la kwanza lilizama mpaka ekseli, mengine yakasimama nyuma yake, na nyuma yao anga likawa jeusi. Simlaumu dereva, wala simlaumu aliyekataa kupokea miwa iliyochacha. Mvua haina ofisi ya kwenda kulalamika. Miwa yote iliozea chini, na harufu yake ilisikika mpaka barabarani, tamu ya kutapisha.

Ukuta wa matofali mabichi usio na paa ni sukari kwenye chai. Tulitandaza turubai, upepo ukalichana. Ukuta wa nyuma ukaanza kuvimba, kisha ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nikamweka mama kwenye gari, nikampeleka Mikumi.

Utaniuliza, wewe mwenye karakana na vigae, mbona hukuezeka mwenyewe? Uliza tu, wengi wameniuliza, na wengine hawakuniuliza bali walisema pembeni. Bati hulala juu ya ukuta. Ukuta ulikuwa tope, na mvua ilikuwa bado inanyesha juu ya tope hilo. Mbao zangu za kenchi zilikuwa zimekauka vizuri kabisa, hazina pa kukaa. Hakuna stashahada inayoezeka juu ya tope.

Mama alikaa kwangu kama abiria aliyeachwa na basi. Vigae aliviogopa, alivuka sebule akiushika ukuta, kama anayevuka mto asioujua kina. Kila mvua ilipopumzika aliuliza, "Kumekauka?" Nami nikajibu, "Bado kidogo, mama." Mara moja aliniuliza, "Hamisi ameshaweka mlango?" Nilijifanya sikusikia, naye hakurudia. Alifariki mchana, chini ya dari yangu ya jipsamu, mimi nikiwa chini ya lori la mteja. Walikuja kuniita nikatoka na mikono ya grisi.

Wapo wazee waliosema tumzike kutokea Mikumi, kwa kuwa nyumba ni nzuri na watu watapata pa kukaa. Nikakataa. Tulimrudisha Ruhembe. Tukafunga turubai juu ya kuta zilizobaki, tukaliweka jeneza palepale kilipokuwa chumba chake. Shangazi alisimama kando akasema, "Wekeni. Aliomba." Wakati ulipofika tukalibeba kuelekea mbele, Hamisi kulia, mimi kushoto. Ukuta wa mbele ulikuwa haujaanguka na fremu ilikuwepo, nyeusi kwa maji. Tulipoifikia, Hamisi akasita, akanyoosha mkono mbele kama mtu anayetaka kusukuma mlango. Hapakuwa na cha kusukuma. Mkono wake ukabaki hewani, watu wote wakiuona. Kisha tukapita.

Mimi na Hamisi hatujagombana. Ananiamkia, naitikia. Ndugu wanaweza kuachana hivyo hivyo, kwa salamu. Mlango wa mama uko Kidodi, umefunga banda la kuku. Niliuona nilipokwenda kutengeneza trekta. Nilimwomba mwenye banda niununue. Akacheka, akaniambia, "Mzee, kuku wangu wameshauzoea." Nikainua boksi langu la spana nikaondoka. Na wapo wanaosema ni bati langu la rangi lililomponza Hamisi kwa wivu. Sikubali, sitakubali. Ila jua likilipiga siku hizi, silitazami kama nilivyokuwa nikilitazama.

Basi nikuambie waziwazi, mwanangu. Hali ikiwa haieleweki, bei haitulii, mazao bado yako shambani na malipo bado yako mdomoni kwa mtu, usianze jambo kubwa la nyumba. Ziba panapovuja. Paka chokaa. Kochi la zamani likalie mpaka jipya liwe limeingia ndani. Ulichonacho kitunze, akiba haiozi. Kusubiri si uoga, na barazani hakuna atakayekusaidia kubeba unachobomoa. Wale waliomtia Hamisi maneno walikuja msibani, wakala, wakasema nyumba ingesubiri. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa mbachao huo ukiwa ndio anaoulalia mzazi wako. Mzee usimvue kidogo alichonacho kwa ajili ya kikubwa ulichomwahidi, kwa maana wewe una muda wa kukosea, yeye hana. Na kabla hujachomoa msumari wa kwanza, toka uani ulitafute hilo bati jipya, uligonge kwa kidole. Likilia, ezua kwa raha zako. Lisipolia, hilo ni neno la mtu, na neno halizuii mvua.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, hata kama ni ya kutu. Akupe mlango wenye ubao wake na komeo lake. Uuingie na unayempenda, uzeeke ukiwa nyuma yake, na siku watakayokubeba, wanao wakute kitu cha kusukuma.