Maji ya Pangoni

Juzijuzi tulimzika bibi yangu mjini Buffalo. Nikiwa njiani kurudi nyumbani Louisville, badala ya kunyoosha na barabara kuu kama watu wenye akili, nilipofika Columbus nilikata kona nikaelekea kwenye mapango. Usiniulize kwa nini. Macho yalikuwa yamevimba na nguo zangu bado zilinuka moshi wa msibani. Nikaegesha gari, nikashuka ngazi za mawe, na ile baridi ya mwambani iliponipiga usoni nikarudi kuwa mtoto palepale. Harufu ni ileile, udongo mbichi na majani yaliyooza, na maji bado yanatona kutoka juu bila haraka. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana hasira hii nimeibeba muda mrefu, na aliyenitia hasira ndiyo kwanza tumemfukia.

Wakati huo tulikaa Columbus, ghorofa ya pili, kwenye nyumba za kupanga ambako ndege za kutua zilipita chini sana hadi vikombe vikalia kabatini. Mama alipakia maboksi kwenye ghala upande wa Gahanna, zamu ya alfajiri, kwa hiyo mlezi wangu hasa alikuwa bibi. Sisi ni Warundi wa kambini. Nilizaliwa Tanzania, kwenye vumbi jekundu la kambi ya wakimbizi, na bibi ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka miguu ikawa inaning'inia karibu na magoti yake. Marekani tulilala kitanda kimoja. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, amka, umemwachia nani ufagio?" Ndivyo alivyoniamsha kila siku, na mimi nilijifunika blanketi nikicheka.

Sasa kuna jambo lazima ulijue, ndiyo mzizi wa kesi yenyewe. Kwetu mtu akisafiri, mtoto hasimami mlangoni kumpungia mkono. Wazee walisema machozi ya mtoto humfuata msafiri yakamharibia njia. Kwa hiyo mtoto hutumwa. Nenda kwa jirani ukaombe chumvi. Unarudi na chumvi yako kwenye kikaratasi, mtu hayupo, na watu wazima wanaendelea kumenya viazi kama vile hakuna kilichotokea. Mimi nilitumwa chumvi siku baba alipoondoka kambini kurudi Burundi kutafuta shamba lake, na baba hakurudi tena. Nilikataa kula. Bibi akanipakata, akaniambia, "Mimi sitakutuma chumvi, mke mwenzangu. Siku nikienda nitakuaga uso kwa uso, hata ukilia paa liezuke." Neno hilo nililishika kuliko sala zangu.

Mlango wa pili alikaa mama mmoja mjane kutoka Burma, mfuasi wa Buddha. Kiingereza hakukijua, bibi yangu naye hakukijua, basi wakawa marafiki wakubwa. Walikaa kwenye ngazi wakichambua maharage, kila mmoja akiongea lugha yake, na ajabu ni kwamba walicheka mahali palepale. Sebuleni kwa yule mama palikuwa na picha kubwa ya pango la kwao. Mwanawe, kijana mrefu aliyekuwa dereva wa vani, alitueleza kwamba watu wa kale walilichonga jabali kwa patasi, wakatoa sanamu za Buddha safu kwa safu mpaka juu kabisa, na kwamba kila mwaka wao mpya mji mzima ulikwenda huko asubuhi na kurudi jioni. Bibi, mlokole aliyeshika Biblia hata akienda kufua, aliitazama picha ile akaguna. "Wote hao wamekaa tu? Sasa nani anapika?"

Basi, Aprili moja, watu wa Burma wakapanga kwenda kuadhimisha mwaka wao kwenye mapango haya ya Ohio. Hayajachongwa na mtu, yamechongwa na maji, lakini walisema jabali ni jabali. Yule mama, kupitia mwanawe, akaomba niende nao. Mimi nilijua jibu kabla halijatoka, maana kanisani kwetu sanamu zilikemewa kila Jumapili. Loo! Bibi akasema, "Aende. Kutazama si kuabudu." Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu anayezima televisheni kwa sababu ya tangazo la bia, leo ananiruhusu kwenda kwenye masanamu? Lakini mtoto akishapewa safari, maswali huyaacha nyumbani.

Asubuhi ile bibi alinisuka upya ingawa nywele hazikuwa zimefumuka. Alinifungia chapati na maharage ya mawese kwenye kopo la siagi. Kisha akanipa chupa tupu ya soda, ameisuuza vizuri. "Niletee maji ya humo pangoni," akasema. "Macho yangu yana ukungu siku hizi. Maji ya mwambani yatanifaa." Nikamwambia nitaijaza mpaka shingoni. Akanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akaifungua, akaifunga tena. Mama hakwenda kazini siku hiyo. Alikuwa jikoni anasugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

Safari ilikuwa tamu, sitaki kukudanganya. Vani ilijaa watoto na harufu ya wali wa kunata na samaki wa kukaanga, na chapati zangu ziligombaniwa. Pangoni wakatoa sanamu ndogo kwenye kapu, wakaiweka kwenye mwanya wa mwamba, wakaimwagia maji yenye maua taratibu. Kisha vijana wakapiga magoti mbele ya wazee wao na kuwaosha mikono. Nilipomwona yule dereva, jitu zima lile, anamwosha mama yake kidole kimoja kimoja, nikajua nitakachofanya nikifika nyumbani. Sitampa bibi chupa tu. Nitampigia magoti, nimwoshe mikono, halafu macho.

Basi nikasimama chini ya maji yanayotona, nikakinga tone kwa tone mpaka mkono ukafa ganzi, wenzangu wakicheza kujificha nyuma ya mawe. Yule mama akaja, akanipapasa kichwa kwenye zile njia za nywele, akanitazama, akageuza uso na kufuta macho. Nikadhani ni moshi wa ubani. Kumbe naye alijua! Njiani kurudi alimwambia mwanawe asimame tununue aiskrimu, tukala polepole, tukasimama tena mahali pengine bila sababu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku hiyo nguo yote ilikuwa chawa.

Nilipanda ngazi mbio, chupa kifuani, nikiita, "Mke mwenzangu, fumba macho!" Kitanda chetu kilikuwa kimetandikwa, mto mmoja tu. Kanga yake ya kulalia haikuwepo msumarini. Mama akaniambia, huku akiangalia dirisha, kwamba mjomba alikuja kutoka Buffalo kumchukua. Mkewe amejifungua mapacha, yeye mwenyewe anafanya kazi kiwandani Tonawanda, nani atalea? Na mzee hukaa kwa mwanawe wa kiume, ndiyo desturi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungelia."

"Ni wewe uliyepanga nitumwe?"

Mama akalivuta pazia. "Hapana, mama. Bibi yako ndiye aliyesema."

Sikulia. Nilikataa kuwapa hata hicho. Chupa nikaiweka kwenye friji, nyuma kabisa, na aliyeigusa nilimuuma kwa maneno. Iliniuma kwamba aliondoka, ndiyo, lakini kilichonichoma zaidi ni zile nywele. Alikaa nyuma yangu muda wote ule, mdomo karibu na sikio langu, na hakusema.

Shule zilipofungwa tukaenda Buffalo. Mjomba alikaa karibu na Grant Street, juu ya duka ambalo harufu ya dagaa wake ilipanda mpaka vyumbani. Bibi alitupokea na pacha mmoja mgongoni na mwingine begani, mnene kidogo, amechangamka. Akanikumbatia kwa mkono uliobaki huru. "Mke mwenzangu, umerefuka!" Nikatoa chupa kwenye mfuko, nikaishika kwa mikono miwili kama nilivyowaona wale vijana wakishika bakuli lao.

"Bibi, maji yako."

Akaitazama. "Maji gani, mama?"

Nilitafuta usoni mwake kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alifungua kifuniko, akanusa, akakunja pua. "Haya yamechacha," akasema, akayamwaga kwenye sinki, akaisuuza chupa na kuitia maziwa ya mtoto. Mikono yake ililowa maji yangu, akaifuta kwenye kanga. Basi, ikaishia hapo.

Miaka ikapita ya kuongea kwenye simu. Aliuliza nimekula nini, nami nilimuuliza magoti yanamsumbuaje. Sikumuuliza lile jambo, naye hakuligusa. Wiki iliyopita alikula ugali wake vizuri, akaenda kulala, na asubuhi hakuamka. Hata kufa hakuniaga.

Siku ninatoka Louisville kwenda mazikoni, mama, aliyekuwa ameshafika Buffalo, alinishauri kwenye simu, "Mtume mtoto kitu, uondoke taratibu." Nilikataa. Nikapiga magoti mbele ya binti yangu, nikamwambia naenda wapi na narudi lini. Alilia, we! Akaning'ang'ania mguu, baba yake akambandua kama gamba la samaki, na nilimsikia mpaka nilipofunga mlango wa gari. Nikawasha gari, nikaondoka. Nikamfikiria bibi asubuhi ile, zipu juu, zipu chini.

Sasa nimekaa hapa pangoni. Ngazi zimewekewa vyuma vya kushikilia. Yule mama wa Burma na mwanawe walihama, sijui wako wapi. Nyumba zetu zimepakwa rangi, nilipita nikaona pazia la watu wengine kwenye dirisha letu. Hakuna anayeniita mke mwenzangu tena duniani. Nimekinga maji kwenye kiganja, baridi ileile, na hakuna mikono ya mzee ya kuosha, nikanawa yangu.

Kwa nini ulifanya vile, nimeelewa, bibi. Nimeelewa kabisa. Lakini uliniahidi, na mimi nilikuwa na baba mmoja tu na bibi mmoja tu. Hata kama uliyaita maji, mke mwenzangu, ilikuwa chumvi ileile.