Siku Kobe Alipokimbia

Juzi, rafiki yangu, nilirudi Kisangani na binti yangu, na kabla hatujashusha mizigo harufu ya liboke ikanishika. Samaki, chumvi na pilipili vimefungwa ndani ya majani mapana ya msituni, vinaiva taratibu juu ya makaa. Loo! Nililia pale pale barabarani, mtoto akabaki ananishangaa.

Bibi yangu, tuliyemwita koko, alikaa karibu sana na maporomoko ya Wagenia, hata nyumbani kwake tulizoea kusema kwa kelele. Saa hakuwa nayo. Liboke ikiingia motoni, hadithi inaanza; hadithi ikikatika, ndipo tunafungua majani. Makaa yakiwa na unyevu, hadithi nayo inarefuka. Ukinyoosha mkono tu, mwiko unakugonga vidole: "Acha! Kobe iko bado mu njia."

Kobe huyo alitumwa kuleta maji ya dawa, mtoto wa chifu alikuwa mgonjwa. Sungura alikuwa ametangulia mbio, maji yakamwagika. Swala naye, yakamwagika. Kobe alitembea, kipande kimoja cha njia kwa kila liboke, na sisi tulimngoja majuma na majuma bila kujua kama atafika.

Halafu papa, baba yangu, akaja kunichukua. Alikuwa amepata kazi Bafwasende, na lori lilinguruma mlangoni. Samaki ndiyo kwanza alikuwa amewekwa motoni. Nikashika kikwembe alichojifunga koko kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwamba siendi popote mpaka kobe afike.

"Mama, shofere iko anangoja," papa alimwambia koko.

Koko alinitazama, akatazama miguu yake iliyovimba. "Bon, haya," akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza, kobe akakimbia. Akavuka mto, akapanda mlima, akaingia kwa chifu, mutoto akapona, basi. Koko alibaki anahema. Aliitoa liboke motoni, akaniwekea mikononi.

Njiani niliifungua. Samaki alikuwa bado na damu kwenye mfupa. Koko alikufa kabla sijarudi.

Nimesoma hadithi nyingi tangu siku ile, na karibu zote humkimbiza mtu ili zimwangushe. Haraka haraka haina baraka, ndivyo tunavyofundishwa. Haya, sawa. Lakini sijakuta hata moja yenye mtu anayekimbia kwa sababu anakupenda na muda umemwishia. Inanichoma mpaka leo.

Nyumba ya koko haipo tena, na majirani wa pale hawanijui. Nilinunua liboke, tukakaa karibu na maji, nikamsimulia binti yangu safari ya kobe. Mwanzo niliuvuta polepole nilivyoweza. Mwisho nikautoa mbio mbio kama nilivyopewa, maana mwingine sina.

Alitafuna, akafikiri.

"Mama," akaniuliza, "kama alikimbia, maji haikumwagika?"