Vidole Viwili vya Jiwe Jeusi

Kama sikuamini, kwa nini sikuikata ile kamba?

Mwaka 1970 nilimaliza chuo kikuu Misri, nikarudi Omani. Kurudi ni neno la wakubwa. Mimi nilizaliwa Unguja, na Maskati nilikuwa sijapata kuiona. Nilifikia Matrah, jirani na Maskati, nyumbani kwa mama mdogo.

Katika sanduku langu mlikuwa na jiwe jeusi lililochongwa vidole viwili vilivyobanana, na kucha zake. Muuza vikale wa Kairo aliniambia limetoka kaburini, ni kinga ya watu wa Firauni. Kinga ya nini, hakujua. Nililinunua kwa sababu halikufanana na hirizi zetu.

Mama mdogo alikuwa na mtoto mchanga. Wawili wa kabla yake aliwazika hata meno hawajaota. Alipoliona lile jiwe alisema hivyo ni vidole vya kulitoboa jicho la hasidi. Akalitia kamba, akamfunga mtoto kiunoni.

Nilibisha. Nilimweleza kuwa jiwe halisikii wala halioni, na kwamba hata aliyeniuzia hakujua kazi yake.

"Likiwa jiwe tu, lakughasi nini?" aliniuliza. "Na mbona ulilibeba toka huko? Nna huyu mmoja, mwanangu. Niache."

Baada ya siku chache mtoto akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, tukapewa dawa ya maji. Alasiri moja mama mdogo aliingia kuoga, akaniachia mtoto. Nikachukua mkasi. Nilikuwa nimeshapanga: niikate kamba, jiwe nilifiche, mtoto apone, kisha nimwonyeshe mama mdogo kuwa ni dawa iliyomponya.

Jiwe lilikuwa limelala ubavuni kwake, upande wa kushoto, likipanda na kushuka kwa pumzi zake. Nikapitisha mkasi chini ya kamba. Je, asipopona? Sikuwa nikiogopa atakayoyasema mama yake. Niliogopa nitakayojiambia mimi.

Mama mdogo akatoka, nywele zinamchuruzika maji, akauona mkasi. Hakunigombeza.

"Haya kata," alisema. "Wewe si ndiye uliyesoma?"

Nikauweka mkasi chini.

Mtoto alipona. Mama yake alilishukuru jiwe baada ya Mungu, mimi nikaitaja dawa, lakini kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo asilolishuhudia kwa macho yake. Siku nyingi nilijiuliza ni nini kilichoushika mkono wangu. Tangu hapo ilinishinda kumcheka mtu mwenye hirizi, na kuamini pia kulinishinda. Jiwe lilibaki kiunoni kwa mtoto mpaka akaanza kutembea.

Miaka mingi baadaye, katika jumba la makumbusho, niliona vidole kama vile ndani ya kabati la kioo. Maelezo yalisema walio hai hawakuvivaa. Maiti ndiye aliyewekewa, ubavuni kushoto, mahali alipopasuliwa kutolewa matumbo kabla ya kukaushwa.